Bibi Alikuwa Akitemea Jua: Ruwa, Krismasi na Fundo la Kubadili Dini

Kila Desemba nyumba yetu ya Kimara hugeuka stoo. Viroba vya mchele, ndoo za sukari, madumu ya mafuta ya kula, vitenge vya mama wadogo, na tiketi za basi la Moshi zilizokatwa mapema, maana anayezembea mpaka tarehe 20 atalala stendi ya Mbezi. Wachagga wa Dar es Salaam tunapandisha nyumbani Krismasi, na jiji zima linajua.

Usiku wa kuamkia safari ya mwaka jana, mtoto wa kaka yangu alikuwa amekalia begi lililokataa kufungika, simu mkononi. Akaniambia: "Shangazi, kumbe tunakwenda kusherehekea jua. Tarehe 25 Desemba ilikuwa sikukuu ya mungu jua wa Warumi. Na mababu zetu nao waliabudu jua, kwani Ruwa, Mungu wao, si jua? Wazungu wakaja, wakawaita wapagani, wakawabatiza kwa nguvu, kumbe wanawarudisha kulekule kwenye jua. Sasa tofauti iko wapi?"

Mama yangu, yaani bibi yake, alikuwa anakunja kanga pembeni. Hakusema kitu. Mimi nilimjibu kwa mkato kwamba tulale, basi linaondoka alfajiri. Lakini maneno yake yalinikaa, kwa sababu si ya kijana mmoja. Nimeyasikia kwenye daladala, kwenye msiba, kwa Wasabato wanaobishana na wasali-Jumapili, na kwa vijana wanaotafuta asili yao kwa uchungu wa kweli. Mengine ndani yake ni kweli, mengine ni nusu kweli, na kinachoyapotosha ni kufungwa pamoja mambo ambayo kila moja lina historia yake: neno, alama, tarehe, na nguvu ya dola.

Nianze na nilichokiona kwa macho.

Bibi mzaa mama alikuwa Mlutheri wa Old Moshi, aliyebatizwa akiwa msichana. Kitabu chake cha nyimbo alikizungushia kitambaa ili jalada lisichakae. Lakini alfajiri, kabla hajasemeshana na mtu, alitoka uani hadi pale migomba ilipoacha mwanya, akasimama akielekea jua linakotokea. Alichukua funda la maji, akayatema kidogo kidogo, mara nne, si kama mtu anayetoa uchafu kinywani bali kama anayenyunyizia miche. Kisha akasema maneno machache ya Kichagga, na mimi mtoto wa mjini nilishika moja tu: Ruwa. Akageuka, akaenda kuwasha moto.

Mtu wa Pwani akisikia habari ya kutema mate anaona utovu wa adabu. Mlimani mate ni baraka. Mzee humtemea mjukuu anayesafiri, na Wamasai walio majirani zetu wanafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo bibi alikuwa anabariki na kuomba kubarikiwa. Alikuwa anamwomba nani, ndilo swali la mpwa wangu, na njia ya kulijibu inaanzia kwenye neno lenyewe.

Ruwa, ambaye sehemu nyingine za mlima anaitwa Iruwa au Iruva, ni Mungu. Na ni jua pia. Hapa mpwa wangu hakukosea. Tena neno hilo ni ndugu wa damu wa neno letu la Kiswahili "jua". Yote mawili yametoka kwenye shina moja la kale la lugha za Kibantu, na ukilifuata unakuta watoto wake kila mahali: Wapare wanasema izuva, Wazaramo na Washambaa zuwa, Wasukuma lyuba, Wahaya izooba. Ni neno moja lililosambaa na watu likabadilika sauti kila lilipopiga kambi. Lakini maana haikubadilika sawasawa. Kwa Wazaramo wa Kisarawe na Pugu, zuwa lilibaki jua la angani na Mungu akaitwa Mulungu, jina ambalo Kiswahili kimelifupisha kuwa Mungu. Kilimanjaro, neno la jua likapanda cheo. Kwa Wahaya, Kazoba akawa mmoja wa miungu, na jina lake halijajificha mbali na izooba.

Si Wabantu peke yao. Wairaqw wa Mbulu wanamwita Mungu Looa, neno la jua, na kwao Looa ni wa kike, mama mwema. Wadatoga wana Aseeta. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wana Ishoko, ambaye ni jua na ni wa kike pia. Ukichora ramani ya Tanzania ya majina haya, utaona ukanda mpana wa kaskazini na kati ambako watu wa lugha zisizo na undugu kabisa, Wabantu, Wakushi, Wanailoti na Wahadzabe, walikutana kwenye wazo moja kwamba anga lenye nuru lina jina la Aliye Juu.

Je, hiyo ni kuabudu jua? Hapa ndipo neno linapoanza kutuzungusha. Kuabudu ni tendo, na tendo hupimwa kwa sadaka, sala, mahali na watu wanaolisimamia. Ukitazama Wachagga wa zamani walichinja kwa ajili ya nani hasa, jibu la mara nyingi ni warumu, roho za waliotutangulia. Mbuzi alichinjwa kwa babu aliyekasirika, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamwagwa kwa bibi aliyesahauliwa, na isale, lile jani la amani lililopandwa mipakani na makaburini, likashikwa mkononi mtu alipokwenda kuomba radhi. Ruwa alikuwapo juu ya hao wote, mwema, asiyehitaji kubembelezwa sana. Aliitwa asubuhi, na aliitwa pale warumu waliposhindwa. Hapakuwa na nyumba yake. Hapakuwa na ukoo wa makuhani wake, wala sanamu. Wazee walipoulizwa walieleza kwamba Ruwa yu zaidi ya ule mduara wa moto unaopita angani, ila nuru ile ndiyo njia iliyo wazi ya kumwelekea.

Ni lazima nitie tahadhari moja, kwa sababu naipenda historia hii na sitaki tuidanganye. Mengi tunayoyasoma kuhusu Ruwa yaliandikwa na wageni waliokuja baada ya Ukristo kuota mizizi. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza, alichapisha kitabu chake kuhusu Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924. Ndani yake mna simulizi ya Ruwa aliyewakataza watu wasile kiazi kikuu fulani, wakadanganywa, wakala, na kifo kikaingia. Msomaji wa Mwanzo sura ya 3 anashtuka kwa furaha. Lakini wamisionari wa kwanza walikuwa wamekaa Moshi tangu 1885, miaka karibu 40 kabla ya kitabu kile. Mzee aliyemsimulia Dundas huenda alisikia habari ya Edeni kwa mjukuu wake aliyetoka shule. Huenda pia kisa kilikuwapo tangu kale. Yeyote anayesimama leo akatangaza kwa uhakika dini ya mababu ilivyokuwa, kila kipengele, anasimama juu ya daraja lenye mbao zilizokosekana.

Tugeukie upande wa pili. Je, Ukristo ni ibada ya jua iliyovishwa kanzu?

Maandiko yenyewe yanalikataa jua kwa ukali. Kumbukumbu la Torati sura ya 4 inaonya usiinue macho ukaona jua, mwezi na nyota ukavisujudia. Katika Mwanzo, jua halitajwi hata kwa jina siku linapoumbwa: linaitwa mwanga mkubwa, nalo linakuja siku ya nne, wakati nuru ilikwishakuwapo tangu siku ya kwanza. Ezekieli 8 inasimulia wanaume wapata 25 waliolipa kisogo hekalu wakaliabudu jua upande wa mashariki, na nabii anaona ni machukizo. Ndugu zetu Waislamu wana msimamo huohuo. Ibrahimu katika Sura Al-An'am anaitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua lililo kubwa zaidi, na vyote vinapotua anaviacha. Sura Fussilat inakataza wazi kulisujudia jua na mwezi. Hata fiqhi ya sala inakataza kusali sunna za hiari jua linapochomoza na linapozama, mtu asije akafanana na wanaolisujudia.

Lakini maandiko hayohayo yanalitumia jua kama mfano bila woga. Zaburi 84 inasema Bwana Mungu "ni jua na ngao". Malaki anaahidi "jua la haki" litakalozuka lenye kuponya katika mbawa zake, na Wakristo tangu mwanzo wamemsoma Yesu hapo. Kwa hiyo ndani ya kitabu kimoja jua ni kishawishi cha kukimbiwa na ni picha nzuri kuliko zote za kumsemea Mungu. Anayechukua upande mmoja tu atapata hoja, lakini hatapata ukweli.

Na hoja ya mpwa wangu ina umri mkubwa kuliko anavyodhani. Karibu mwaka 197, huko Carthage, ambayo leo ni Tunisia, Mwafrika mmoja aitwaye Tertullian aliandika utetezi wa Wakristo. Miongoni mwa mashtaka aliyoyajibu lilikuwamo hili: kwamba Wakristo wanaabudu jua, kwa kuwa wanasali wakielekea mashariki na wanafurahi siku ya jua. Miaka 1,800 na zaidi iliyopita, barani Afrika, swali lilelile la Kimara. Tertullian alikiri kwamba matendo yale mawili yapo, akakana kwamba sababu yake ni jua.

Habari ya siku ya ibada ndiyo inayozua ugomvi mwingi hapa mjini. Nimesikia mara nyingi kwamba Jumapili ilianzishwa na Kaisari Konstantino kwa heshima ya jua. Ni kweli kwamba Machi 321 alitoa sheria mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku tukufu ya jua, wakulima wakiruhusiwa kuendelea na mashamba. Ni kweli pia kwamba sarafu zake zilibeba picha ya mungu jua kwa miaka kadhaa baada ya yeye kuanza kuwapendelea Wakristo. Lakini Justin, mwalimu Mkristo aliyeandika Roma katikati ya karne ya pili, zaidi ya miaka 150 kabla ya sheria ile, anaeleza kwamba Wakristo hukutana siku hiyo, akitaja sababu mbili: ndiyo siku ya kwanza Mungu alipoleta nuru, na ndiyo siku Yesu alipofufuka. Konstantino aliikuta siku inakaliwa tayari. Alichoongeza ni mkono wa serikali.

Tena ugomvi huu kwa Kiswahili unakosa hata mahali pa kushika. Jina la siku ya jua wanalo Waingereza na Wajerumani. Sisi tunahesabu kutoka Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa Waislamu: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili. Mlutheri wa Azania Front anakwenda kanisani siku ambayo jina lake limepimwa kutoka msikitini. Hakuna jua humo. Lililobeba jua katika Kiswahili ni saa zetu, zinazoanza kuhesabiwa jua likichomoza, na hakuna anayeuliza saa mbili asubuhi kama ni ibada.

Tarehe 25 Desemba ni ngumu zaidi, na hapa nakiri wataalamu bado wanavutana. Kaisari Aurelian alimjengea Jua Lisiloshindwa hekalu Roma mwaka 274. Kalenda ya Kirumi ya mwaka 354 inaonyesha tarehe 25 Desemba kama siku ya huyo Asiyeshindwa, na waraka huohuo, ukurasa mwingine, unaandika kwamba tarehe hiyo Kristo alizaliwa Bethlehemu. Wengine husema kanisa lilichukua sikukuu ya wapagani. Wengine husema Wakristo walipiga hesabu yao: walishaamini Yesu alitungwa mimba 25 Machi, ongeza miezi tisa. Mimi naona hesabu ile ina nguvu kuliko inavyopewa, lakini siwezi kukataa kwamba watu wa Roma walizichanganya sikukuu hizo mbili mioyoni mwao. Ushahidi upo. Katikati ya karne ya tano Papa Leo wa Kwanza alilalamika katika mahubiri kwamba Wakristo, wakishapanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro, wanageuka nyuma na kuliinamia jua kabla ya kuingia. Walikuwa wamebatizwa. Walikuwa wanakwenda kusali. Na shingo zao zilikuwa bado zina desturi ya mababu. Nikisoma habari hiyo namwona bibi uani.

Ila kuna kitu ambacho kijana wa Dar akitazama juu atakigundua bila kitabu. Roma, mwishoni mwa Desemba, mchana una saa tisa na dakika kidogo, na Juni unafika saa kumi na tano. Kwa Mrumi jua lilikuwa linakonda nusu mwaka kama mgonjwa, kisha siku chache za Desemba linaanza kupona. Kushangilia kuzaliwa kwa jua kuna maana huko. Dar es Salaam iko nyuzi karibu saba kusini mwa ikweta, na mchana wetu mrefu kuliko wote unauzidi mfupi kuliko wote kwa muda usiofika saa moja. Moshi, tofauti haifiki hata nusu saa. Jua letu halifi. Desemba linatuchoma, watu wanajifunika khanga kichwani wakivuka Kivukoni. Basi hata kama ibada ya jua ya Warumi na Ruwa wa Wachagga zingeitwa jina moja, ni jua la aina mbili: moja linaloogopewa kupotea, jingine lisilokosa kuja kila asubuhi, ambalo unaliamkia kama unavyomwamkia mzee wa nyumba.

Sasa nguvu ya dola, na hapa sitaki kulainisha maneno.

Wamisionari wa Kiingereza wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana, walipofika Moshi mwaka 1885 walipokewa na Mangi Rindi, mtawala wa Moshi, ambaye alitaka mafundi, bunduki na marafiki wenye uwezo dhidi ya watawala jirani. Hakuwa mtu wa kulazimishwa. Alikuwa mwanasiasa. Mwanawe Meli alirithi kiti mwaka 1891, na Juni 1892 jeshi lake likawashinda Wajerumani vitani. Wajerumani wakawashuku wamisionari wa Kiingereza kwamba wanamchochea, na CMS wakaondoka Moshi. Mwaka 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa wakamvunja Meli, na mwaka huohuo wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, wenzao wa taifa moja, wakaanza kazi Machame. Ukiziweka tarehe hizo mstari mmoja huwezi kusema kwamba bendera na msalaba havikujuana.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, mlimani Meru. Waliowaua waliwaona kama watangulizi wa askari, na askari walikuja kweli: kisasi kilichofuata kilichoma nyumba, kikachukua ng'ombe na roho za watu wengi, Wachagga nao wakiwa miongoni mwa waliopelekwa kupigana. Machi 2, 1900, Meli alinyongwa mtini Old Moshi pamoja na viongozi wengine wa Wachagga, Wameru na Waarusha. Kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta hadi leo. Bibi alibatizwa kwenye ardhi hiyohiyo. Siwezi kuutaja ubatizo wake bila kuutaja mti ule.

Hata hivyo, "walibatizwa kwa nguvu" haielezi kilichotokea. Hakuna askari aliyemshika bibi shingo kisimani. Nguvu ilifanya kazi kwa kuzunguka. Mangi aliyepinga alikuwa amekwisha. Kodi ilidaiwa kwa fedha. Aliyejua kusoma alipata kazi, na shule ilikuwa ya misheni, nayo misheni ilitaka darasa la ubatizo. Mapadri wa Kilema walileta kahawa, na kahawa ikaleta paa la bati. Buganda, Wakristo wa mwanzo waliitwa wasomaji, na jina hilo lingefaa kwetu pia: mtu alikwenda kutafuta herufi akarudi na imani, na kwa wengi imani hiyo ikawa ya kweli, yao wenyewe, ambayo wangeifia. Wako pia wasichana waliokimbilia misheni wakikataa ndoa wasiyoitaka, na watu waliokombolewa utumwani ambao kule Bagamoyo mapadri wa Roho Mtakatifu waliwajengea kijiji tangu 1868. Kwao kengele ya kanisa haikuwa sauti ya mkoloni. Ilikuwa sauti ya mlango uliofunguka.

Na kama mkoloni ndiye angekuwa sababu pekee, Dar es Salaam ingekuwa mji wa Kikristo kupita yote. Ulikuwa makao makuu ya Wajerumani tangu 1891. Wamisionari wa Berlin walikuwapo tangu 1887, Wabenediktini wakaweka kituo Pugu mwaka 1888, kikashambuliwa Januari 1889 katika vita vya Abushiri. Kanisa la Azania Front lilianza kujengwa 1898, na la Mtakatifu Yosefu likainuka hatua chache kutoka hapo, yote mawili mbele ya bandari ili meli ziyaone. Kisarawe na Maneromango misheni zilifundisha na kutibu kwa miaka mingi. Lakini Wazaramo kwa wingi wao wakawa Waislamu, tena zaidi katika zama zilezile za ukoloni. Uislamu ulikuwa jirani, ulikuja kwa Kiswahili, kwa biashara, kwa ndoa na kwa mwalimu aliyekaa nao mtaani, na maakida na makarani wengi ambao Mjerumani aliwatumia walikuwa Waislamu. Baada ya Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, watu wa kusini walioona dawa ya Kinjikitile haikuzuia risasi waliingia dini zote mbili kwa kasi. Ukoloni ulivunja ulimwengu wa zamani. Ni mlango upi mtu aliingia baada ya hapo, kulitegemea nani alikuwa jirani, nani alikuwa na shule, na nani alikuja akiwa na upole.

Ndiyo maana napenda kutofautisha kisa chetu na cha Peru. Kule ibada ya jua ilikuwa dini ya dola. Mfalme wa Wainka aliitwa mwana wa Inti, mungu jua, na Cusco palikuwa na hekalu la Coricancha lililofunikwa dhahabu. Wahispania walimkamata Atahualpa pale Cajamarca tarehe 16 Novemba 1532, dhahabu ya kuta zile ikabanduliwa kwa ajili ya fidia yake, akauawa hata hivyo, na juu ya hekalu ikajengwa nyumba ya watawa Wadominiko. Tetemeko la 1950 lilipoiangusha sehemu ya nyumba hiyo, kuta za Wainka zilibaki zimesimama. Sikukuu ya Inti iliyopigwa marufuku karne ya 16 ilirudishwa hadharani 1944. Pale unaweza kuonyesha kwa kidole: hekalu hili, kanisa hili, jiwe juu ya jiwe.

Kilimanjaro hapakuwa na hekalu la kubomoa. Kilichochukuliwa ni neno. Wamisionari walipotafuta jina la Mungu kwa Kichagga hawakuleta la Kijerumani. Walimchukua Ruwa, yeye na nuru yake, wakamwandika kwenye vitabu vya sala na nyimbo, kisha wakawakataa warumu. Hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote, na halizungumzwi. Aliyekuwa mbali na mwema akawa karibu, mwenye amri, mwenye Mwana. Waliokuwa karibu, wale babu na bibi waliomwagiwa mbege, wakaambiwa waondoke mezani. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika 1902 na kuondoka kabisa 1938, aliona hatari ya hilo. Aliandika maelfu ya kurasa kuhusu sheria na mafundisho ya Wachagga, akajaribu kuwaunganisha vijana wa kipaimara kwa urafiki wa ngao kama marika ya zamani. Alikuwa na fikra zake za Kijerumani kuhusu ukoo na ardhi, na aliwapenda Wachagga wakiwa jinsi alivyotaka wabaki. Lakini bila yeye tungekuwa tumepoteza mengi.

Kwa hiyo nikimjibu mpwa wangu leo, nitamwambia mababu zake hawakuwa waabudu jua kwa namna Warumi na Wainka walivyokuwa, na Wakristo hawaabudu jua. Kuna jina la jua lililokuwa jina la Mungu kabla ya meli yoyote kutia nanga, na watu waliolibeba wakaingia nalo kanisani. Anachopaswa kukililia, kama anatafuta cha kukililia, si Ruwa. Ruwa yupo. Ni warumu, ambao majina yao kizazi chetu hakiwezi kuyataja zaidi ya vizazi vitatu.

Tulifika Moshi usiku. Asubuhi ya Krismasi nilimkuta mama uani, pale pale kwenye mwanya wa migomba, mikono imekunjwa, midomo ikicheza. Hakutema maji. Alikuwa anasali Baba Yetu kwa Kichagga, uso kwenye mwanga. Mpwa wangu alimsubiri amalize, akamsogelea kwa adabu.

"Shikamoo bibi. Ulikuwa unamwomba nani?"

"Marahaba. Ruwa."

"Ruwa yupi, bibi? Wa kanisani au wa zamani?"

Mama akamtazama kwa muda, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hakuwahi kuliona kuwa swali. "Kwani wako wangapi?" akasema, akamkabidhi ndoo akachote maji ya chai.